Papasi wa Njia ya Ujiji: Misafara, Nyumba za Udongo na Homa ya Mama na Mtoto Mchanga

Historia ya Ujiji, mji wa kale ulio kando ya Ziwa Tanganyika na ambao leo umo ndani ya manispaa moja na Kigoma, imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya watu waliofika na kuondoka: Burton na Speke walioingia Februari 1858, Livingstone aliyefika mara ya kwanza Machi 1869, Stanley aliyemkuta hapo mwaka 1871, pamoja na wafanyabiashara wa pwani kama Mwinyi Kheri na Rumaliza ambao kwa nyakati tofauti walikuwa na sauti kubwa katika mambo ya mji na ya ziwa. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanawaacha nje wakazi wa nyumba zenyewe, na pia kiumbe mdogo aliyeishi nao chini ya mikeka yao, yaani papasi, ambaye homa yake iliandikwa na madaktari wa mwanzo kama ugonjwa wa wasafiri ilhali mzigo wake mzito zaidi ulibebwa na wanawake wajawazito na watoto waliozaliwa katika nyumba hizo. Kuirudia historia ya njia ya Ujiji kwa kumfuata papasi ni kuirudisha mezani hesabu ambayo haikufanywa wakati ule, na ambayo hata sasa haijafungwa.

Papasi ni kupe laini, maana yake ni kupe asiye na gamba gumu la mgongoni kama lile la kupe wa ng'ombe, na jina lake la kitaalamu ni Ornithodoros moubata. Akiwa mkubwa hufikia urefu wa karibu sentimita moja, rangi yake ni ya udongo, na makazi yake ni nyufa za kuta, vumbi la sakafu isiyosakafiwa, na kivuli cha vitanda na mikeka. Tofauti na kupe wa porini anayeng'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, papasi hutoka usiku watu wanapolala, hunyonya damu kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha hurudi kujificha kabla ya mapambazuko, kiasi kwamba mtu anaweza kuumwa mwaka mzima asimwone aliyemuuma. Anaweza kukaa miaka bila kula na asife, na kwa sababu hiyo nyumba iliyohamwa, au kambi iliyoachwa na msafara, haikuwa salama kwa sababu tu ilikuwa tupu.

Ugonjwa anaoueneza huitwa homa ya papasi, nao husababishwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama kizibuo, wa jamii iitwayo spirokaeta, ambaye jina lake kamili ni Borrelia duttonii. Bakteria huyo huingia mwilini kupitia mate ya papasi, au kupitia majimaji yanayotoka karibu na mizizi ya miguu yake wakati anaponyonya na kulowesha kidonda alichokitoboa. Baada ya takriban wiki moja mgonjwa hushikwa na homa kali, baridi, maumivu ya kichwa na ya viungo, kisha baada ya siku chache homa hukatika ghafla na mgonjwa hudhani amepona. Lakini siku kadhaa baadaye hurudi tena, na inaweza kurudi mara nyingi kabla ya kwisha. Kurudirudi huko ndiko kunakoitambulisha homa hii, na ndiko pia kunakoifanya ifanane kwa urahisi na malaria machoni pa mgonjwa na hata pa mganga.

Ujiji ulikuwa mahali pa kufaa mno kwa kiumbe wa namna hiyo. Kuanzia katikati ya karne ya 19, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ilifika ukingoni mwa ziwa hapo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000 iliyochukua miezi kadhaa. Pembe za ndovu zilivushwa ziwa kutoka Manyema, pamoja na watumwa, kwa majahazi na mitumbwi. Chumvi iliyopikwa kwenye chemchemi za Uvinza, mawese, dagaa wakavu, vyuma, shanga na nguo vilibadilishwa sokoni. Na watu wa asili mbalimbali, Waha na Wajiji wa pwani ya ziwa, Wabwari na Waholoholo wa ng'ambo, Wamanyema, Wanyamwezi waliokuwa wapagazi, na waungwana wa pwani, walilala chini ya mapaa yaleyale. Mpagazi alibeba mkeka wake wa kulalia, na msafara ulilala katika vituo vilevile mwaka baada ya mwaka, katika vibanda vilivyojengwa na waliotangulia. Papasi haruki wala hatembei mbali. Akihama, huhama ndani ya mikeka, matandiko na mafurushi ya watu, na kwa hiyo mtandao wa biashara uliounganisha Bahari ya Hindi na misitu ya Manyema ulikuwa, bila mtu kukusudia, chombo chake cha usafiri.

Wenyeji walijua kwamba papasi huleta ugonjwa muda mrefu kabla ya maabara kuthibitisha hivyo, na Livingstone mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1857 kinachohusu safari zake za kusini na Angola, alieleza maumivu na maradhi yaliyomfuata mtu aliyeumwa na kupe wa aina hiyo. Uthibitisho wa kitabibu ulikuja ndani ya miezi michache kati ya 1904 na 1905. Nchini Uganda, Albert Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo, na baada yake Philip Ross na Arthur Milne, waliona spirokaeta katika damu ya wagonjwa walioumwa na kupe. Wakati huohuo, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, Joseph Dutton na John Todd wa Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Liverpool walikuwa wakipanda Mto Kongo, ambako kupe huyo huitwa kimputu, na wakamkuta katika nyumba za kupumzikia wasafiri kwenye njia zilizokuwa za misafara ya Waswahili. Dutton ndiye aliyekuwa amekipa jina mwaka 1902 kimelea cha malale cha Afrika Magharibi, Trypanosoma gambiense. Sasa yeye na mwenzake waliambukizwa homa waliyokuwa wakiichunguza, na tarehe 27 Februari 1905 Dutton alifariki Kasongo, mji uliokuwa kitovu cha himaya ya kibiashara ya Tippu Tip na ambao kwa miongo mingi bidhaa zake zilivuka ziwa kuja Ujiji. Bakteria alipewa jina lake mwaka uliofuata.

Kazi ya watafiti hao ilikuwa na jambo moja ambalo halikupewa uzito uliostahili. Dutton na Todd waliangua mayai ya kupe katika maabara yao ya safari na kuonyesha kwamba kupe wachanga, ambao hawakuwahi kunyonya damu ya mgonjwa, waliweza kuwaambukiza nyani. Mwanabakteria Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka huo wa 1905, alifuata misafara kutoka Dar es Salaam kuelekea bara, akakusanya papasi kwenye vibanda vya vituo, na akawaona spirokaeta ndani ya mayai yenyewe. Ilidhihirika kwamba papasi jike huurithisha uzao wake ugonjwa, hivyo nyumba moja inaweza kubaki na maambukizi kizazi baada ya kizazi hata kama hakuna mgonjwa mpya anayeingia. Ushauri wa Koch kwa Wazungu ulikuwa rahisi na wa manufaa: wasilale katika vibanda vya misafara, bali wapige mahema yao mbali navyo. Ushauri huo haukuwa na neno kwa yule ambaye kibanda hicho kilikuwa nyumba yake.

Koch aliona pia kwamba wenyeji watu wazima wa maeneo yenye papasi hawakuugua sana, na alieleza kwamba huenda walipata kinga kwa kuambukizwa wakiwa wadogo. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini matokeo yake katika fikra za utawala yalikuwa mabaya, kwa sababu homa ya papasi ilianza kuonekana kama tatizo la wageni, la askari na la wapagazi waliohamishwa, huku wenyeji wakihesabiwa kuwa wamezoea. Kinga inayopatikana utotoni ina gharama yake, nayo hulipwa na watoto wasioishi hadi kuipata. Mtu mzima mwenye afya aliyepimwa na daktari katika kituo cha msafara alikuwa ni yule aliyesalia. Wadogo zake waliokufa wakiwa vichanga, na mimba ambazo mama yake alizipoteza, hazikuwa na mahali katika jedwali la daktari.

Kwa mji kama Ujiji hoja hii ina uzito wa pekee. Kinga dhidi ya homa ya papasi hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara katika mahali mtu anapoishi, na hupungua anapokaa mbali na papasi kwa muda mrefu. Ujiji wa karne ya 19 ulikuwa mji wa wahamaji, na sehemu kubwa ya wahamaji hao walikuwa wanawake wasiochagua kuhama: mateka kutoka Manyema na ng'ambo ya ziwa waliouzwa sokoni, masuria, watumishi wa nyumbani, na wake waliofuatana na misafara. Mwanamke aliyekulia mahali pasipo na papasi, akaletwa mjini, akalazwa juu ya mkeka sakafuni na kushika mimba humo, alikabiliwa na ugonjwa huu bila ulinzi wowote. Kwa jinsi ugonjwa unavyoenenda, ni sawa kuhitimisha kwamba miongoni mwa mateso ya utumwa katika miji ya njia hii kulikuwa na hili pia, la mimba zilizoharibika na vichanga vilivyozikwa kwa homa iliyotoka sakafuni.

Jinsi homa hii inavyompata mama na mtoto ilifahamika vizuri zaidi katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na Tanzania ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya ushahidi. Spirokaeta huogelea katika damu ya mama kwa wingi mkubwa sana, na huweza kupenya kondo la nyuma, yaani kiungo kinachomuunganisha mtoto na mama na kumpitishia hewa na chakula, au kumfikia mtoto wakati wa kuzaliwa. Mama anaweza kuharibikiwa na mimba, kujifungua mtoto aliyekufa, au kujifungua njiti. Na mtoto anayezaliwa hai huweza kuonyesha ndani ya siku chache homa, kushindwa kunyonya, umanjano wa macho na ngozi, na kifo cha haraka, dalili ambazo huchukuliwa kwa urahisi kuwa za maambukizi mengine ya damu. Mwaka 1991 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya vichanga 5 vilivyopatwa na ugonjwa huu, na utafiti kutoka vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya kila mimba 1,000 za wanawake walioshikwa na homa ya papasi, 475 zilipotea, nyingi ya hizo zikiwa vifo vya karibu na wakati wa kuzaliwa. Ni magonjwa machache sana ya kuambukiza yanayoangamiza mimba kwa kiwango hicho, na bado jina lake halisikiki katika mafunzo ya kliniki za wajawazito kama linavyosikika jina la malaria au kaswende.

Elimu ya jeni, yaani maandishi ya kemikali ambayo kila kiumbe huyarithi na ambayo huamuru umbo na mwenendo wake, imesaidia kueleza mambo mawili yaliyowasumbua waganga wa zamani. La kwanza ni kurudirudi kwa homa. Mwili wa mgonjwa hutengeneza kingamwili zinazolenga protini iliyo juu ya ngozi ya bakteria, na bakteria karibu wote hufa. Lakini wachache kati yao huwa tayari wamebadili protini hiyo, kwa sababu bakteria hubeba nakala nyingi za jeni za protini za juu zilizolala kimya, na mara kwa mara moja huhamishiwa mahali pa kufanya kazi badala ya ile iliyotangulia. Wachache hao huongezeka, homa hurudi, na kinga huanza kazi upya. Vimelea vya malale hutumia mbinu ya aina hiyohiyo ingawa si ndugu wa spirokaeta hata kidogo, kwani wao ni viumbe vya seli kubwa yenye kiini, lakini mwanasayansi Mjerumani Fritz Schaudinn mwaka 1904 alidhani kimakosa kwamba viumbe hao ni hatua mbalimbali za maisha ya kiumbe kimoja.

Jambo la pili ni asili. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba wamefanikiwa kumkuza Borrelia duttonii nje ya mwili, na mbegu iliyotumika baadaye kusoma jenomu yake, yaani jumla ya maandishi yote ya jeni zake, ilitokana na damu ya mtoto wa Kitanzania. Jenomu hiyo ilipochapishwa mwaka 2008 pamoja na ile ya Borrelia recurrentis, bakteria anayeenezwa na chawa wa nguo na aliyeua watu wengi katika vita na njaa za Ulaya na Ethiopia, ilionekana kwamba huyu wa chawa ni duttonii aliyepungukiwa: jenomu ya bakteria wa papasi ina herufi takriban milioni 1.57, ya yule wa chawa ina takriban milioni 1.24, na baadhi ya jeni zake za kukarabati maandishi yake mwenyewe zimeharibika. DNA ya bakteria wa chawa imepatikana hata katika mifupa ya karne ya 15 iliyofukuliwa Oslo, Norway. Kwa hiyo ugonjwa wa vibanda vya Afrika, ambao vitabu vya zamani viliuweka pembeni, una undugu wa karibu kabisa na homa iliyotisha majeshi ya dunia nzima.

Upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki kuna ugonjwa ambao historia yake inasomeka sambamba na hii. Mwaka 1909, miaka minne tu baada ya kifo cha Dutton, Carlos Chagas alieleza huko Lassance, Brazil, ugonjwa unaoletwa na kimelea alichokiita Trypanosoma cruzi, ambacho huenezwa na mdudu mnyonya damu anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku, na ambacho pia huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Wataalamu wa jeni wamekigawa kimelea hicho katika koo kuu 6, na kwa miaka mingi wamejiuliza kama ukoo fulani una uwezo zaidi wa kumfikia mtoto. Jibu linaloelekea kukubalika ni kwamba wingi wa vimelea katika damu ya mama una uzito zaidi kuliko ukoo wake. Takriban mtoto 1 kati ya 20 wanaozaliwa na mama mwenye kimelea huambukizwa, na akitibiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja hupona karibu kila mara. Kwa sababu hiyo nchi za Amerika zimeuweka ugonjwa wa Chagas pamoja na Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B katika mpango mmoja wa kukomesha maambukizi ya mama na mtoto. Mashirika ya afya ya huko yaliamua kumhesabu mama; mwambao wa Ziwa Tanganyika bado haujafanya hivyo kwa homa ya papasi.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na misafara ya miguu ikakoma. Lakini papasi hakuihitaji tena, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa majumbani. Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo mwaka 1916 viliwaleta askari wa Kibelgiji Kigoma na Ujiji na kuwalazimisha maelfu ya wapagazi kubeba mizigo ya majeshi, viliwarudisha watu wengi kulala katika kambi zenye papasi, na homa yake ikawa miongoni mwa magonjwa ya kawaida ya vita hivyo. Baada ya Vita vya Pili viuatilifu vya unga vilivyomwagwa sakafuni vilionyesha kwamba papasi huweza kutokomezwa nyumba kwa nyumba, na utafiti uliofanyika Mvumi, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1998 ulithibitisha kwamba kupulizia nyumba dawa kulipunguza homa hii kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Hata hivyo kilichomwondoa papasi katika nyumba nyingi ni saruji, bati, matofali ya kuchoma na vitanda vilivyoinuliwa, na mahali ambapo familia haina uwezo wa kununua hivyo, papasi amebaki.

Tiba yenyewe haina ugumu, kwani penisilini, tetrasaiklini na, kwa wajawazito, erithromaisini huua spirokaeta, ingawa mgonjwa hupaswa kuangaliwa kwa saa kadhaa za mwanzo kwa sababu kufa kwa bakteria wengi kwa mpigo huweza kumzidishia homa na kushusha shinikizo la damu. Ugumu uko katika kuutambua ugonjwa. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta malaria katika slaidi ya damu kwa darubini aliweza kukutana na spirokaeta bila kuwatafuta. Leo kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kimeokoa maisha ya wengi, hujibu swali moja tu la malaria, na mama mwenye homa inayorudirudi ambaye kipimo chake ni hasi huweza kurudishwa nyumbani, katika sakafu ileile. Mkunga wa zahanati ya vijijini Kigoma anayemuuliza mjamzito mwenye homa kuhusu sakafu anayolalia, na kuagiza slaidi ya damu pale jibu linapotia shaka, anafanya kazi ambayo Koch na watawala wa njia ya Ujiji walikuwa na maarifa ya kutosha kuianza mwaka 1905 na hawakuianza, kwa sababu walimhesabu msafiri na kumwacha mwenye nyumba.